Dawa Inayowekwa Kwenye Mfupa Wenyewe ili Usipungue Baada ya Upasuaji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa mtu aliyewekewa, au anayesubiri kuwekewa, nyonga, goti au jino la bandia, na kwa ndugu wanaomuuguza. Maswali yamewekwa kwa mfuatano ambao watu huyauliza, na mengine yamejibiwa kwa urefu kwa sababu ndiyo yenye mambo. Hakuna jibu hapa linalochukua nafasi ya daktari aliyeziona picha zako.

Nimepasuliwa ili nipone. Inakuwaje mfupa upungue?

Mfupa ulio hai haukai vilevile. Kuna seli zinazoumeng'enya, osteoklasti, na nyingine zinazoujenga upya, osteoblasti. Kwa mtu mzima, kama asilimia 10 ya mifupa yote hubadilishwa kila mwaka kwa namna hiyo. Ukiwa mzima, kinacholiwa na kinachojengwa hulingana. Upasuaji huvuruga hesabu hiyo kwa njia tatu, na ni vizuri kuzitofautisha kwa sababu dawa inayofaa kwa moja huenda isifae kwa nyingine.

Kwanza kuna jeraha lenyewe. Msumeno na keekee vikipita, tabaka jembamba la mfupa kandokando ya tundu hufa. Mwili huanza kwa kuuondoa huo uliokufa, ndipo ujenge mpya. Kuondoa huchukua wiki chache, kujenga huchukua miezi. Katika kipindi hicho cha kati, kipandikizi, yaani kiungo au jino la bandia lililoingizwa, huwa kimeshikiliwa na mfupa mchache kuliko siku kilipoingizwa.

Pili, mzigo huhama. Shina la chuma la nyonga bandia ni gumu kuliko mfupa, kwa hiyo uzito wa mwili hupita ndani ya chuma na kutokea chini, huku sehemu ya juu ya mfupa wa paja ikibaki haina kazi. Daktari Mjerumani Julius Wolff alieleza mwaka 1892 kwamba mfupa hujipanga kufuata mzigo unaoubeba. Usiobeba kitu hupunguzwa.

Tatu ni kusagika, na hili huja baada ya miaka. Kikombe cha plastiki ya polietilini ndani ya nyonga bandia hutoa vumbi laini. Chembe zilizo ndogo kuliko maikromita 1 humezwa na seli za ulinzi, makrofaji, ambazo haziwezi kuziyeyusha. Badala yake makrofaji hutoa kemikali za uvimbe, na kemikali hizo huamsha osteoklasti. Mashimo huanza kutokea nyuma ya chuma, na mara nyingi mwenye nyonga hasikii chochote.

Unapungua kiasi gani, na lini?

Kwenye nyonga, hasara kubwa huwa katika miezi 6 hadi 12 ya mwanzo. Sehemu inayoumia zaidi ni ile ya ndani juu ya paja, karibu na shingo iliyokatwa. Vipimo vya msongamano wa mfupa huonyesha mara nyingi upungufu wa kati ya asilimia 10 na 30 hapo katika mwaka wa kwanza. Baadaye kasi hushuka.

Taya ni haraka zaidi. Jino likishang'olewa, upana wa ukingo wa mfupa unaweza kupungua karibu nusu ndani ya miezi 12, na theluthi mbili za upungufu huo hutokea katika miezi 3 ya kwanza. Ndiyo maana anayekuja kutaka jino la kupandikiza miaka kadhaa baada ya kung'oa huambiwa mfupa hautoshi, akashangaa.

Dawa za kuzuia mfupa kuliwa zipo za kumeza na za dripu. Za kuwekwa palepale ni za nini?

Chukua alendroneti, kidonge kinachojulikana zaidi katika kundi la bisfosfoneti. Kinachofyonzwa tumboni ni chini ya asilimia 1 ya ulichomeza, tena ukiwa na njaa, kwa maji matupu, na bila kulala kwa nusu saa ili kisiunguze umio. Katika kile kidogo kilichoingia kwenye damu, karibu nusu hutoka kwa mkojo. Kinachobaki hugawanywa kwa mifupa yote ya mwili, kuanzia fuvu hadi vidole. Sentimita chache zilizo kando ya kipandikizi chako, ambazo ndizo zenye shida, hupata sehemu yao tu. Zaidi ya hapo, tabaka la mfupa uliokufa kando ya tundu halina damu inayopita, na dawa inayosafirishwa na damu huchelewa kufika mahali ambapo damu yenyewe haijafika.

Dripu ya zoledroneti, bisfosfoneti nyingine, hufika vizuri zaidi. Miligramu 5 mara moja kwa mwaka hutosha kwa mwenye udhaifu wa mifupa. Lakini karibu mtu mmoja kati ya watatu hupata homa na maumivu ya viungo baada ya dripu ya kwanza, wenye figo dhaifu hawapaswi kupewa, na dawa ikishaingia hukaa mifupani miaka mingi katika sehemu ambazo hazikuwa na tatizo.

Wazo la kuiweka palepale ni kwamba dozi ndogo sana, wakati mwingine miligramu 1 au pungufu, inatosha ikigusa mfupa unaohusika moja kwa moja. Sehemu nyingine za mwili hazipati kiasi cha kuleta madhara.

Inakaaje pale bila kuchukuliwa na damu?

Hapa ndipo penye ufundi. Bisfosfoneti ina bahati ya kuzaliwa nayo: molekuli zake hung'ang'ania kalsiamu. Ukizimimina juu ya mfupa uliokatwa hushika ndani ya dakika, na hazitoki mpaka osteoklasti ije kula sehemu ile. Inapokula, inameza na dawa, na dawa huizuia kimeng'enya inachokihitaji ili iendelee kuishi na kufanya kazi. Seli zisizokula mfupa huipata kwa kiasi kidogo sana. Sijui dawa nyingine ya mfupa inayojitafutia adui wake kwa usafi wa namna hiyo.

Dawa zisizo na tabia hiyo zinahitaji kibebeo, na kila kibebeo kina kasoro zake.

Saruji ya mfupa, ile akriliki inayochanganywa na kuwekwa ikiwa laini, hupata joto kali inapoganda. Joto lake linaweza kupita nyuzi 70. Protini yoyote ukiiweka humo inaungua. Antibiotiki kama jentamaisini hustahimili, na ndiyo sababu inatumika. Hata hivyo sehemu kubwa ya dawa hubaki imefungwa ndani ya saruji milele, maana kinachotoka ni kile kilicho karibu na uso wake, tena kwa wingi siku za mwanzo kisha kidogokidogo.

Kalsiamu salfeti, ambayo kwa lugha ya mtaani ni plasta, ile ya kufungia mfupa uliovunjika, huyeyuka yenyewe mwilini ndani ya wiki kama 4 hadi 8 na kuachia ilichobeba. Ikichanganywa na chembe za haidroksiapataiti, madini yanayofanana na ya mfupa wenyewe, plasta huondoka na chembe hubaki zikiwa zimeshika dawa, na mfupa mpya hupanda juu yake. Mchanganyiko huu unaobeba zoledroneti unafanyiwa utafiti mwingi, nami nadhani ndio wenye mwelekeo mzuri kuliko mingine, kwa sababu hautegemei kitu kigeni kubaki mwilini.

Kolajeni, yaani sponji laini ya protini, hubeba vichocheo vya ukuaji. Hidrojeli, yaani jeli zenye maji mengi, na plastiki zinazooza mwilini zinaweza kupangiwa kasi ya kuachia dawa, angalau maabara. Mwilini mambo hubadilika: damu, tindikali ya uvimbe na mtikisiko wa kutembea haviko kwenye chupa ya majaribio.

Halafu kuna njia ya kukipaka kipandikizi chenyewe. Uso wa titani huvikwa haidroksiapataiti au utando mwembamba wa protini, na dawa ikashikizwa humo. Daktari hana cha kuchanganya wala kupima chumba cha upasuaji. Anafungua pakiti na kukaza skrubu kama kawaida.

Nimesikia vipande vya mfupa huloweshwa kwenye dawa. Ni kweli?

Kweli, na hili linastahili kuelezwa kwa kina kwa sababu linaonyesha ugumu wa jambo zima.

Nyonga bandia ya kwanza ikilegea na kuacha mashimo, daktari anaweza kuchukua mfupa uliohifadhiwa wa mtu mwingine, kuusaga kuwa vipande kama punje, na kuvishindilia ndani ya shimo kabla ya kuweka nyonga mpya. Mwili huvichukulia vipande hivyo kuwa mfupa uliokufa. Huvila, kisha hujenga mpya. Vikiliwa haraka kuliko ujenzi unavyokwenda, nyonga mpya huzama. Kwa hiyo ni jambo la akili kuvilowesha kwenye bisfosfoneti ili visiliwe mapema.

Jaribio kwa mbwa, lililochapishwa mwaka 2007, lilikuja na majibu ya kinyume: vipande vilivyoloweshwa na kushindiliwa hivyohivyo viliufanya mshiko wa kipandikizi uwe mbaya zaidi. Dawa iliyobaki imeelea bila kushika mfupa ilikuwa nyingi mno, na inaelekea iliwazuia hata wajenzi. Lakini mwaka mmoja nyuma, wagonjwa wa nyonga nchini Sweden walikuwa wamewekewa vipande vilivyosuuzwa kwa bisfosfoneti nyingine, ibandroneti, na vipande vyao vikahifadhi msongamano kuliko vya wenzao waliopata maji ya chumvi. Kinachotenganisha kufaulu na kuharibu hapa ni kiasi, na hatua inayoonekana ndogo kabisa: kuosha vipande kwa maji ya chumvi baada ya kulowesha, ili ibaki ile dawa iliyoshika tu. Muuguzi akiruka hatua hiyo, tiba hugeuka kuwa kizuizi.

Ukizuia seli zinazokula mfupa, kupona hakuchelewi?

Swali zuri, na wengi hawaliulizi. Osteoklasti hazifanyi uharibifu mtupu. Zinapomaliza kula sehemu, huacha ishara zinazowaita wajenzi waje. Ukizifyeka zote kwa muda mrefu, mfupa wa zamani hubaki ukiwa na nyufa zake ndogondogo bila ukarabati. Kinachotakiwa ni kuzipunguza kasi katika wiki na miezi ya mwanzo, wakati kipandikizi hakijashika, kisha kuuacha mwili uendelee. Dozi ndogo palepale inafaa kwa hilo kinadharia. Kinachotakiwa kuangaliwa kwa makini ni dozi kubwa palepale.

Hili ni jambo jipya?

La kuweka dawa kwenye mfupa, hapana. Mwaka 1970 madaktari Buchholz na Engelbrecht, Ujerumani, waliripoti kuchanganya jentamaisini kwenye saruji ili kuzuia maambukizi ya nyonga bandia, na saruji ya namna hiyo leo iko katika hospitali nyingi duniani. Maambukizi nayo hula mfupa, kwa hiyo hiyo pia ni kinga ya mfupa, ingawa watu hawaihesabu hivyo.

Madaktari wa fizi nao wametangulia. Tangu miaka ya 1990 wameweka jeli ya antibiotiki ya doksisaiklini, na baadaye vijipunje vya minosaiklini, antibiotiki nyingine, ndani ya mifuko ya fizi yenye kina cha milimita 5 na kuendelea, pamoja na kusafisha mizizi. Faida huwa ya wastani: mfuko hupungua kina kidogo zaidi kuliko ukisafishwa peke yake. Anayekuahidi kwamba jeli itarudisha mfupa wa taya ulioondoka anakuuzia matumaini.

Kipya ni kutumia njia hiyo kuzuia osteoklasti zenyewe.

Ushahidi kwa binadamu uko wapi?

Upo, lakini ni mchache, na mwingi umetoka Sweden. Mwaka 2007 kulichapishwa jaribio la wagonjwa 50 wa goti bandia. Nusu yao walimiminiwa ibandroneti miligramu 1 juu ya mfupa wa muundi uliokatwa, muda mfupi kabla ya saruji kuwekwa. Wengine walimiminiwa maji ya chumvi. Hakuna aliyejua nani amepata nini. Magoti yenye dawa yalisogea kidogo kuliko mengine.

Huenda ukauliza, kusogea kidogo ni nini? Kabla ya kufunga, daktari hupandikiza mfupani vijipunje vya metali ya tantalamu vyenye upana wa kama milimita 1. Baadaye eksirei mbili hupigwa kwa pamoja kutoka pembe mbili, na kompyuta hupima umbali kati ya vijipunje na goti bandia hadi sehemu ndogo za milimita. Goti linaloendelea kusogea kati ya mwaka wa kwanza na wa pili lina hatari kubwa zaidi ya kulegea miaka ya mbele. Kipimo hiki kinatoa dalili mapema bila kusubiri miaka 15.

Mwaka 2012 ikaja ya meno. Wagonjwa 16, kila mmoja aliwekewa skrubu mbili za titani: moja ya kawaida, nyingine iliyovikwa utando wa fibrinojeni, protini ya damu, wenye bisfosfoneti. Mgonjwa akawa kipimo cha kujilinganisha mwenyewe. Baada ya miezi 6 skrubu zenye dawa zilikuwa zimeshika vizuri zaidi, na ufuatiliaji wa miaka 5 ulionyesha kwamba mfupa kando yake ulipungua kidogo kuliko kando ya zile nyingine.

Watu 50 na watu 16. Matokeo yanatia moyo, na yamepimwa kwa uangalifu. Lakini hayajajibu swali ambalo mgonjwa analiuliza hasa: je, goti langu litadumu miaka mingapi zaidi? Kwa hilo zinahitajika maelfu ya watu na miaka mingi. Uzoefu wa dawa za kumeza unatufundisha kuwa na subira hapo. Risedroneti, bisfosfoneti ya kumeza, iliyotolewa baada ya upasuaji wa nyonga ilipunguza upotevu wa mfupa kwenye vipimo vya miezi ya mwanzo, lakini haikubadilisha kusogea kwa shina, na tofauti ile ya msongamano ikafifia baadaye. Mfupa mwingi kwenye kipimo na nyonga inayodumu ni vitu viwili, na matangazo ya bidhaa hupenda kuvichanganya.

Naweza kuipata leo?

Saruji yenye antibiotiki na dawa za mifuko ya fizi: ndiyo, ni za kawaida. Protini ya kujenga mfupa, BMP-2, kwenye sponji ya kolajeni: ipo, kwa upasuaji fulani. Vipandikizi na viungo bandia vyenye bisfosfoneti: kwa sehemu kubwa bado ni mambo ya utafiti. Madaktari wengine humimina au kulowesha kwa uamuzi wao wenyewe, kwa dawa iliyosajiliwa kwa matumizi mengine. Hilo linaruhusiwa katika nchi nyingi, lakini una haki ya kuambiwa wazi kabla, si baada.

BMP-2 inajenga mfupa. Mbona isitumike kwa kila mtu?

Daktari Mmarekani Marshall Urist alionyesha mwaka 1965 kwamba ndani ya mfupa kuna kitu kinachoweza kuufanya mfupa mpya uote hata ndani ya msuli. Mwaka 2002 protini hiyo, iliyotengenezwa maabara, ikaidhinishwa Marekani kwa kuunganisha pingili za kiuno. Ikaenea haraka mno. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya huko ilitoa onyo kuhusu kuitumia shingoni, kwa sababu baadhi ya wagonjwa walivimba hadi wakashindwa kumeza au kupumua vizuri. Mfupa pia umeota mahali usipotakiwa.

Na kuna jambo la kushangaza kidogo: BMP-2 huamsha osteoklasti pia. Wiki za mwanzo mfupa unaoizunguka unaweza kupungua kabla haujaongezeka. Ndiyo sababu watafiti wanaifungasha pamoja na zoledroneti, moja ijenge na nyingine ilinde kilichojengwa, kwa dozi ndogo za zote mbili. Kwa wanyama mchanganyiko huo umefanya vizuri.

Na statini, dawa za kolesteroli?

Mwaka 1999 ilionekana kwamba zinachochea mfupa kwa panya. Zikimezwa, ini huzichukua karibu zote, kwa hiyo kuziweka palepale kuna mantiki. Zikizidi huleta uvimbe mkubwa. Bado.

Nimesikia bisfosfoneti huozesha taya. Na skrubu ya jino yenye dawa hiyo je?

Taya kufa na kubaki wazi kwa zaidi ya wiki 8 ni tatizo la kweli, na liliripotiwa kwa mara ya kwanza mwaka 2003. Wengi waliopata ni wagonjwa wa saratani wanaopewa dozi kubwa kwa dripu mara kwa mara. Hata kwao ni chini ya asilimia 5. Kwa wanaomeza vidonge vya udhaifu wa mifupa hutokea mara chache sana, chini ya mtu mmoja kwa elfu moja. Dozi iliyo kwenye utando wa skrubu ni ndogo kupita kiasi ikilinganishwa na hizo, na katika lile jaribio la wagonjwa 16 halikutokea. Watu 16 ni wachache mno kuthibitisha kwamba tatizo adimu halipo. Kama umewahi kupata dripu ya dawa hizi kwa sababu ya saratani, mwambie daktari wa meno kabla hajagusa chochote.

Tayari natumia dawa ya mifupa. Niache kabla ya upasuaji?

Usiache kwa uamuzi wako. Zaidi ya yote kama unachomwa denosumabu, sindano ya kuzuia osteoklasti, kila baada ya miezi 6: ukichelewa, osteoklasti zilizozuiwa huamka kwa pamoja, na kuna watu wamevunjika pingili za mgongo miezi michache baada ya kukosa sindano. Bisfosfoneti haina tabia hiyo kwa sababu hubaki mfupani. Yote mawili, daktari wa upasuaji na aliyekuandikia dawa wazungumze.

Kalsiamu na vitamini D vinatosha?

Ni malighafi. Bila hivyo dawa yoyote haina cha kujengea, na kumpa zoledroneti mtu aliyepungukiwa vitamini D kunaweza kushusha kalsiamu ya damu kwa hatari. Miligramu 1,000 hadi 1,200 za kalsiamu kwa siku, chakula kikihesabiwa humo, ndicho kiwango cha kawaida kwa mtu mzima. Lakini kalsiamu peke yake haizuii mfupa usiobeba mzigo kupungua. Kukanyaga kunazuia. Ukiruhusiwa kuweka uzito mguuni, weka; mtaalamu wa mazoezi akisema magongo yaondoke, yaondoke. Na kama unavuta sigara, hapo ndipo unapoweza kuufaidisha mfupa wako kuliko utando wowote wa titani.

Nitajuaje kama mfupa unapungua? Sisikii maumivu.

Hutajua mwenyewe. Eksirei ya kawaida nayo huchelewa: kupungua huanza kuonekana wazi pale mfupa wa mahali hapo unapokuwa umepoteza kama asilimia 30 hadi 40 ya madini. Faida ya eksirei iko kwenye kulinganisha, kwa hiyo tunza ile ya kwanza baada ya upasuaji kama unavyotunza hati ya nyumba. Kipimo cha msongamano chenye programu maalumu ya kuondoa kivuli cha chuma huona mapema zaidi, ila hutumika zaidi kwenye utafiti. CT skani huona mashimo nyuma ya kikombe vizuri kuliko eksirei.

Nyonga yangu ina zaidi ya miaka 15. Kwangu nafasi imepita?

Kwa dawa ya kuwekwa wakati wa upasuaji wa kwanza, ndiyo. Tatizo lako, kama lipo, ni la vumbi la plastiki. Hakuna dawa iliyoidhinishwa, ya kumeza wala ya kuchoma, inayolizuia. Plastiki za zamani zilisagika zaidi. Zilizofungamanishwa kwa mionzi, zilizoanza kutumika kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1990, husagika kidogo sana. Kikombe kinacholika zaidi ya milimita 0.1 kwa mwaka kinahitaji kufuatiliwa kwa karibu. Nenda upigwe picha hata kama hakuna kinachouma, ukiwa na ile ya zamani mkononi. Shimo likigundulika wakati chuma bado kimeshika, mara nyingi daktari anaweza kubadilisha kikombe cha plastiki peke yake na kujaza shimo kwa vipande vya mfupa. Kikishalegea, upasuaji ni mkubwa zaidi na mfupa wa kushikilia ni mchache. Maumivu mapya ya paja au kinena unaponyanyuka kutoka kwenye kiti na kupiga hatua za kwanza, yanayopungua ukishatembea kidogo, yasisubiri miadi ya mwakani.